Nimlipe mtu anifanyie mtihani wa takwimu?

*Nina miaka 31, ni karani wa ghala la vinywaji hapa Mwanza, na nasoma shahada ya biashara kwa njia ya mtandao. Masomo mengine nayamudu, ila takwimu za biashara na uchambuzi wa data vimenishinda. Video zote nimetazama, nyingine mara mbili, lakini jaribio la kwanza nimepata 38 kwa 100. Hesabu niliiacha kidato cha nne, tena kwa F. Mtihani wa mwisho ni baada ya wiki sita. Kwenye kundi letu la WhatsApp yupo mtu anayesema nimpe nywila yangu na shilingi laki mbili, amalize kila kitu. Mume wangu anasema nilipe tu, maana kazini wanangoja cheti. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi, Mwanza*

Mdogo wangu, nianze na hizo laki mbili, kwa kuwa ndilo jambo la haraka. Usilipe. Ukimkabidhi mtu nywila yako, umemkabidhi na siri ya kukutishia nayo siku akitaka nyongeza. Chuo kikigundua kinaweza kukufukuza, na hata shahada iliyokwisha kutolewa huweza kufutwa. Tuseme hakuna aliyegundua. Siku bosi atakapokuwekea mezani mauzo ya miezi sita na kukuuliza kama tawi fulani linashuka kweli au ni panda-shuka ya kawaida, utamjibu nini? Mweleze shemeji hivyo, kwa upole. Naamini atakuelewa.

Sasa hiyo F. Inakutia hofu kuliko inavyostahili, kwa sababu katika somo hili kazi ya kukokotoa hufanywa na kompyuta. Wengi wanaanguka pale wanapotakiwa kueleza namba inasema nini, na hapo wewe wa ghalani una mtaji ambao mwenzako aliyetoka shule moja kwa moja hana.

Chukua kreti zilizotoka kwa siku sita: 40, 42, 45, 47, 50, na siku ya sita, yenye harusi kubwa mtaani, 196. Jumla ni 420, wastani ni 70. Lakini katika zile siku tano za kawaida hakuna hata moja iliyovuka 50. Namba ya kati, ile wanayoiita mediani, ni 46. Anayeagiza mzigo wa kila siku kwa kufuata 70 atajaza ghala bure. Ukiandika sentensi hiyo chini ya jibu lako, umeonyesha kwamba umeelewa, na alama nyingi za somo hili ziko kwenye sentensi kama hizo.

Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, nao ukokotoe kwa mkono angalau mara moja, kwa namba ndogo. Chukua 2, 4 na 6. Wastani ni 4. Tofauti na wastani ni -2, 0 na 2. Vipeo vyake vya pili ni 4, 0 na 4, jumla 8. Kama namba hizo ni sampuli, gawanya kwa 2, yaani idadi kasoro moja, unapata 4, na kipeuo chake cha pili ni 2. Kama ndizo namba zote zilizopo, gawanya 8 kwa 3, na kipeuo cha pili cha jibu hilo ni takriban 1.63. Ndiyo maana Excel ina STDEV.S na STDEV.P. Asiyejua tofauti hiyo hupoteza alama huku kompyuta yake ikiwa haijakosea chochote.

Kigumu kweli ni thamani ya p, na hapa nakuomba uende taratibu. Umelinganisha mauzo ya matawi mawili, p ikatoka 0.03. Wengi huandika kwamba uwezekano wa matawi kuwa sawa ni asilimia 3. Si kweli. Maana yake ni kwamba, kama matawi hayo kwa hakika hayatofautiani, sampuli yenye tofauti kubwa kama hiyo au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu mara 3 hivi katika 100. Isome mpaka uweze kumweleza shemeji bila kutazama daftari.

Ulinganisho wa namna hiyo hufanywa kwa jaribio la t, nalo lilizaliwa kazini. William Sealy Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, akihitaji kuamua mambo kwa sampuli ndogo. Mwaka 1908 alichapisha kazi yake kwa jina la Student, kwa kuwa mwajiri hakuruhusu wafanyakazi kutumia majina yao. Swali lake lilikuwa la mtu wa kazi kama wewe.

Video umetazama za kutosha. Kuanzia leo, mwalimu akianza mfano, simamisha video, fanya mwenyewe, kisha linganisha. Na kabla ya kukokotoa regresheni yoyote, yaani mstari wa uhusiano kati ya namba za vitu viwili, chora grafu kwanza: mwaka 1973 Francis Anscombe alionyesha seti nne za data zenye wastani na uhusiano unaokaribia kulingana kabisa, ilhali michoro yake haifanani hata kidogo. Kufanya kazi hiyo kwa simu kutakusumbua. Omba kompyuta ya ofisini baada ya saa za kazi. Kama haina Excel, LibreOffice ni ya bure na ina menyu ya takwimu.

Kabla ya yote hayo, tafuta karatasi yako yenye 38. Pitia kila swali ulilokosa, utenganishe ulipokosea hesabu na ulipokosea maana, kisha mwandikie mwalimu swali moja mahususi: nimefika hapa, hatua hii sikuielewa. Swali la namna hiyo hujibika kwa urahisi kuliko "sielewi somo". Mwandikie leo, na yule wa WhatsApp mjibu leo hiihii kwamba humhitaji. Kama uliwahi kumpa nywila, ibadilishe sasa.