Somo: Mvua ni ya wote, lakini ardhi je?

Ndugu wasomaji, ukame ukiingia au mto Sabaki ukifurika, tunasikia watu wakisema, "Ni kazi ya Mungu." Mvua kweli hatuipangi sisi. Lakini nani akae bondeni na nani akae penye usalama, hilo lilipangwa na watu, tena kwa sheria. Hebu tulitazame, kisha tuone la kufanya.

1. Yalianzaje?

Tangu 1895 Waingereza walitawala ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 walitunga sheria ya hati za ardhi. Mwenye kudai shamba alitakiwa aende kwa msajili na kuthibitisha kuwa ni lake. Waliopata hati wengi walikuwa familia za Waarabu na Waswahili, pamoja na Wahindi na Wazungu kadhaa. Wamijikenda walishika ardhi kwa ukoo, bila karatasi, na wengi waliachwa nje. Ardhi isiyo na hati ikawa ya serikali. Wamijikenda wakatengewa eneo lao huko Nyika, nyuma ya ukanda, ambako mvua ni haba.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1914 serikali ilichoma nyumba na kuwafukuza kaskazini ya Sabaki, kwenye mashamba yao yenye rutuba. Baadaye walirudi, lakini bila hati.

2. Leo tunaona nini?

Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Ganze na Magarini ziliumia sana. Mwaka 2018 Sabaki ilivunja kingo na kuzamisha mashamba ya Magarini. Kila mara sisi wafanyakazi wa maendeleo tunafika na ushauri wetu:

(a) "Pandeni miti." Lakini mwembe au mnazi ni kama ushahidi kwamba aliyeupanda ana haki hapo. Wenye mashamba wengi hawamruhusu skwota kupanda mti wa kudumu.

(b) "Jengeni nyumba imara." Pwani yetu wako wengi ambao nyumba ni yao, ardhi ni ya mwingine. Nani ataweka saruji mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Anabaki na udongo na makuti, na maji yakija yanabeba.

(c) "Hameni bondeni." Sawa, lakini wahamie wapi? Huko juu nako kuna mwenyewe.

Basi jamani, ushauri wote huu unamfaa mwenye hati. Asiye nayo tunamlaumu bure kwamba ni mkaidi.

3. Tufanye nini?

Kwanza, tuweke kumbukumbu: makaburi ya wazee, miti ya zamani, risiti za kodi ya ardhi, majina ya mashahidi. Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisikiliza malalamiko kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini. Wananchi walieleza jinsi walivyoondolewa na jinsi maji yao yalivyoingia chumvi. Maneno yao yaliandikwa katika ripoti.

Pili, sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na wananchi watoe maoni. Tusingoje tingatinga lifike.

Tatu, Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hakisemi "kila mwenye hati". Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi.

Nne, katika kila baraza la mafuriko tuulize: watu watahamia wapi, na kwa karatasi gani?

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kijijini kwenu, nani analima bondeni na kwa nini?
2. Nani anaruhusiwa kupanda mti wa kudumu? Nani anakatazwa?
3. Mzee gani bado anakumbuka mipaka ya zamani? Nani atakwenda kumwandika, na lini?