NDEGE ZINAPORUKA CHINI: SOMO KUHUSU MAZOEZI YA KIJESHI NA RAIA

Mwaka huu nimepewa kazi ya kuandika somo, nami nimechagua jambo lililonikuta nyumbani wakati wa likizo.

Ilikuwa asubuhi. Nyanya alikuwa akikamua, nami nilikuwa nikifunga kikapu changu tayari kwenda kuchuma majani chai. Mara helikopta ikatokea nyuma ya kilima, ikapita juu ya miti ya shambani kana kwamba ingetua. Ng'ombe akaipiga teke ndoo, maziwa yakamwagika yote. Ndama wawili wakavunja ua, tukawasaka hadi saa sita. Jioni ng'ombe yule alikataa kabisa kutoa maziwa. Helikopta ile ilikuwa ya nani? Hakuna aliyejua.

Nyanya hakukasirika sana. Aliniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, ndege za zamani zilikuja kutuokolea majani chai. Hii ya leo imekuja kufanya nini?" Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute na kusoma.

1. NDEGE ZA NYANYA

Wengi wetu hatujui kwamba anga ya Kericho imewahi kuwa na ndege za ajabu. Sehemu zetu hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi sana, na dakika chache za mawe zinatosha kuyachana majani yote. Basi, mapema katika miaka ya 1960 roketi zilirushwa mawinguni ili kuyapunguza mawe hayo. Mwishoni mwa miaka hiyo zikaja ndege zilizopita chini ya mawingu zikichoma iodidi ya fedha. Wazo lilikuwa kwamba chembechembe za dawa hiyo zingefanya barafu ijigawe katika mawe mengi madogo badala ya machache makubwa.

Ndege hizo nazo zilinguruma. Lakini nyanya, aliyekuwa msichana wakati huo, anasema watu walijua zimefuata nini. Hapa tunapata funzo la kwanza: kelele inayojulikana sababu yake huvumilika, bali ile isiyojulikana huleta hofu.

2. MBONA JESHI HURUKA CHINI?

Si mchezo, wala si madaha ya marubani. Rada huona mbali, lakini haioni kilichojificha nyuma ya mlima. Kwa hivyo rubani wa kivita hufundishwa kufuata mabonde na kupita chini ya macho ya adui. Huko Uingereza, kwa mfano, ndege za kivita za kasi huruhusiwa kushuka hadi futi 250, yaani mita 76 hivi, na helikopta hushuka zaidi ya hapo. Ustadi huu haupatikani darasani, ni lazima mtu auzoee angani.

Sasa tutazame hesabu. Ndege ya kivita iendayo kilomita 780 kwa saa hukata karibu mita 217 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ndege ikiwa kilomita 2 kutoka kwako, itakufikia baada ya sekunde 9. Sauti yake itakufikia baada ya sekunde 6. Umebakiwa na sekunde 3 tu! Katika sekunde 3 utamshika mtoto, au utamshika ng'ombe? Na palipo na vilima kama vyetu, kilima huzuia sauti, kwa hivyo hata hizo sekunde 3 huenda usizipate. Ndiyo maana mtu hushtuka kuliko anavyoshtushwa na lori kubwa. Lori hulisikia likija.

3. YALIYOTOKEA KENYA

Tuanze na historia. Kati ya 1953 na 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, ndege za Uingereza aina ya Harvard na Lincoln zilidondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kwa mzee wa sehemu hizo, ngurumo ya ndege iliyo chini si sauti tupu. Ni kumbukumbu.

Baada ya Uhuru, wanajeshi wa Uingereza waliendelea kufanya mazoezi nchini kwa mapatano na serikali yetu. Kituo chao kiko Nanyuki, mji ambao pia una kambi ya Jeshi la Wanahewa la Kenya. Huko Dol Dol na Archers Post, madhara makubwa hayakutoka angani. Yalitoka ardhini, kwa vilipuzi vilivyoachwa baada ya mazoezi. Wachungaji na watoto waliviokota au kuvikanyaga, wengine wakafa, wengine wakapoteza mikono na miguu. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200.

Je, mambo yaliishia hapo? La hasha! Machi 2021 moto ulizuka Lolldaiga, Laikipia, wakati wa mazoezi ya wanajeshi wa Uingereza, ukateketeza nyika kubwa na kuwajaza majirani moshi. Wakazi walikwenda mahakamani Nanyuki. Mwaka 2025 Uingereza ililipa pauni milioni 2.9 kwa walalamishi 7,723. Ukigawanya, kila mmoja anapata pauni 375 hivi, na alingoja miaka minne.

4. NCHI NYINGINE

Huko Labrador, Kanada, ndege za kivita za nchi za NATO ziliruka chini sana juu ya ardhi ya Wainnu, watu wenye desturi ya kuwinda. Walilalamika kwamba watoto wanaogopa na wanyama wanatoroka. Mwaka 1988 waliingia katika kambi ya Goose Bay na kuketi kwenye barabara ya kurukia ndege. Walikamatwa, lakini mwaka 1989 hakimu mmoja aliwaachilia baadhi yao.

Huko Cavalese, Italia, tarehe 3 Februari 1998, ndege ya kijeshi ya Marekani iliyokuwa mazoezini ilishuka chini kuliko ilivyoruhusiwa. Ikakata kamba ya chuma iliyobeba chumba cha abiria juu ya bonde. Watu 20 walikufa papo hapo.

5. TUSEMEJE BASI?

Wengine watasema, "Wanajeshi wasifanye mazoezi kabisa." Mimi sikubaliani nao. Askari asiyefunzwa ni hatari kwake na kwetu. Tena wao wenyewe hulipa kwa damu: tarehe 24 Juni 2021 helikopta ya jeshi letu ilianguka Kajiado ikiwa mazoezini, ikaua wanajeshi wasiopungua 10. Tuwaheshimu.

Lakini wahenga walinena, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali hawapigani hata, wanajifunza kupigana tu, na nyasi zinaumia! Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa maoni yangu, haki hizi zinadai mambo matatu: watu waambiwe mapema, kwa lugha wanayoielewa; njia za ndege ziepuke shule, hospitali na mifugo; na atakayeumia ajue ofisi ya kupeleka malalamiko, tena alipwe fidia bila kungoja miaka.

Jambo la lugha linatuhusu sisi wanachama. Tangazo la Kiingereza lililobandikwa ofisini halimfikii nyanya. Tangazo la Kiswahili linalosomwa na chifu barazani litamfikia. Likizo ijayo nitamwandikia chifu wetu barua, kwa Kiswahili, nimuulize swali la nyanya. Nikijibiwa nitawaeleza katika toleo lijalo.

MASWALI YA MAJADILIANO
(a) Helikopta ikienda kilomita 200 kwa saa, sauti yake itakutangulia kwa sekunde ngapi kutoka umbali wa kilomita 2?
(b) Tofautisha maneno haya: fidia, msaada, zawadi.
(c) "Usalama wa nchi ni bora kuliko usingizi wa kijiji." Jadili.
(d) Andika tangazo la maneno 50 la kuwaarifu wanakijiji kuhusu mazoezi ya ndege.