Kutengeneza Zana za Kufundishia kwa Vitu Vilivyokwisha Kutumika Nyumbani: Mafunzo kutoka Wilaya ya Rungwe

1. Utangulizi

Mwalimu anayekusudia kufundisha kwa vitendo hukabiliwa upesi na swali moja: vitendo hivyo vitafanywa kwa vitu gani? Fedha za shule hazitoshi, duka la vifaa liko mbali, na darasa ni kubwa. Swali hili si geni nchini mwetu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi Machi 1967, shule ya msingi imetakiwa kufundisha mikono pamoja na akili. Idadi ya watoto iliongezeka sana baada ya Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza 1977. Iliongezeka tena ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena michango ilipoondolewa 2016. Mara zote hizo watoto ndio waliotangulia kufika. Vifaa vilifuata nyuma kwa mwendo wa kusuasua.

Ufundi wa kutumia vitu vilivyochakaa ni wa siku nyingi. Mafundi bati hugeuza makopo kuwa vibatari, na matairi makuukuu huwa katambuga. Kule Lamu mafundi wa vyombo vya baharini waliunda dau zima, Flipflopi, kwa plastiki iliyookotwa. Likashushwa majini Septemba 2018, na mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Watoto wetu nao hujifungia mpira wa matambara bila ya kufundishwa na mtu. Kwa hiyo mtoto haji shuleni akiwa mgeni wa kazi hii. Kazi ya mwalimu ni kuipa lengo la somo.

Makala haya yanaeleza zana tatu ambazo mwalimu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba au mahali pengine wilayani Rungwe aweza kuzitengeneza pamoja na wanafunzi wake. Lakini kabla ya hapo nitaeleza makosa mawili niliyoyafanya mwenyewe, kwa kuwa naamini yametokea pia katika madarasa mengine.

2. Makosa mawili ya kuepuka

Nilipokuwa nikifundisha Darasa la Pili katika shule moja ya vijijini, niliwaambia watoto hivi: "Kesho kila mmoja alete kopo moja na vizibo kumi vya soda. Asiyeleta asiingie darasani." Niliona kuwa nimeomba kitu kisicho na thamani. Kesho yake wengi walileta, na meza ikajaa. Mtoto mmoja wa kike hakuonekana siku hiyo, wala siku mbili zilizofuata. Siku ya nne nilikwenda kwao.

Nilimkuta bibi yake akimenya ndizi. Baada ya salamu nilimwuliza habari za mtoto. Akanijibu kwa upole: "Ndaga, mwalimu, kwa kuja. Mtoto haumwi. Anaogopa. Kopo tungelipata wapi? Hapa mafuta tunanunua ya kupimiwa, chumvi tunafungiwa katika karatasi, na soda tunaiona harusini."

Jibu hilo lilinifundisha jambo ambalo sikulipata katika masomo yangu ya ualimu. Takataka za nyumba ni kivuli cha manunuzi ya nyumba. Mwenye kutupa makopo ni yule anayenunua vitu vya makopo. Mwalimu anapodai kopo kwa kila mtoto, anadai kwa njia ya mzunguko kwamba kila nyumba iwe na uwezo ule ule. Nilimwomba radhi bibi yule, na asubuhi yake mtoto akarudi darasani.

Kosa la pili lingeweza kuleta msiba. Katika makopo yale lilikuwamo moja safi, zuri, lenye kifuniko. Nilipolinusa niligundua kuwa lilikuwa la dawa ya kupulizia viazi. Mtoto alikuwa amelisuuza mtoni akidhani kuwa anafanya jambo jema. Katika wilaya yenye viazi, chai na kahawa, vyombo vya dawa za mimea havikosekani. Visitumike darasani kwa hali yoyote, hata vikioshwa mara saba. Visichomwe moto, wala visitupwe karibu na maji. Mwalimu aviweke mbali na watoto, na aombe ushauri wa afisa ugani. Betri zilizokwisha nguvu, chupa zilizovunjika, sindano na vyombo vya dawa za hospitali navyo visipokewe.

3. Zana ya kwanza: abakasi ya vizibo

Vifaa: vizibo vya soda (watoto huviita visoda), kipande cha ubao kilichotupwa na seremala, fito nyembamba za mwanzi au njiti za baiskeli, nyundo au jiwe, na msumari wa inchi 4.

Hatua: Kwanza, gonga kila kizibo juu ya jiwe mpaka meno yake yalale na kizibo kiwe bapa. Jambo hili huondoa ncha zinazokata vidole, na pia hufanya vizibo vipangike sawasawa. Pili, toboa kila kimoja katikati kwa msumari, kisha gonga tena upande wa pili ili kulaza ukingo wa tundu. Kazi ya kutoboa ifanywe na mwalimu au wanafunzi wa madarasa ya juu. Tatu, simamisha fito tatu katika ubao: mamoja upande wa kulia, makumi katikati, mamia upande wa kushoto.

Hatua ya nne ndiyo roho ya zana hii. Panga vizibo tisa katika ufito, kisha kata ufito juu kidogo tu ya kizibo cha tisa. Kizibo cha kumi kisipate mahali pa kukaa. Abakasi nyingi zinazotengenezwa mashuleni huwa na fito ndefu, na mtoto huweza kupanga vizibo kumi na tano katika nafasi ya mamoja bila ya kuona kosa lolote. Ufito uliokatwa vema humsahihisha mtoto wakati mwalimu akiwa upande mwingine wa darasa.

Matumizi katika kujumlisha: Chukua 28 + 15. Mtoto anapanga makumi 2 na mamoja 8. Anapoongeza mamoja 5, kizibo cha kwanza kinaingia na kufanya tisa; cha pili hakina nafasi. Hapo anavua vile tisa, anavijumlisha na kile kilichomo mkononi, anapata kumi kamili, na kuvibadilisha kwa kizibo kimoja katika ufito wa makumi. Vizibo vitatu vilivyobaki anavipanga katika mamoja. Makumi sasa ni 2 na 1 ya kubadilisha na 1 ya kumi na tano, yaani 4. Jibu ni 43.

Matumizi katika kutoa: Chukua 42 − 17. Watoto wengi huandika 35, kwa kuwa hutoa 2 kutoka 7 badala ya kutoa 7 kutoka 2. Kuwakemea hakusaidii, maana kwao namba kubwa daima ndiyo inayotolewa kitu. Kwa abakasi, mtoto anaona kwa macho kwamba mamoja ni mawili tu. Avue kizibo kimoja cha makumi, akibadilishe kwa vizibo kumi, na avishike mkononi bila kuvipanga. Kutoka mkononi atoe saba, hubaki vitatu. Hivyo avipange pamoja na vile viwili vya mwanzo, hupata vitano. Makumi yaliyobaki ni matatu. Akitoa moja hubaki mawili. Jibu ni 25. Baada ya kufanya hivyo mara kadhaa, aandike kila hatua katika daftari, ili mkono uiongoze kalamu.

4. Zana ya pili: mizani

Vifaa: ufito ulionyooka wa urefu wa mkono, vifuniko viwili vya ndoo vinavyolingana, kamba, na chupa mbili za maji za nusu lita zinazofanana.

Hatua: Toboa kila kifuniko matundu matatu yenye nafasi sawa, ukitundike kwa kamba kwenye ncha ya ufito. Tafuta kitovu cha ufito kwa kuusawazisha juu ya kidole, kisha ufunge hapo kamba ya kuuning'iniza. Upande mmoja ukilemea, songeza kidogo kamba ya katikati, au ongeza kijiwe upande mwepesi.

Mizani bila mawe ya kupimia haina faida kubwa, na mawe ya dukani ni ghali. Maji yatatusaidia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi nusu lita ina uzito wa gramu 500. Jaza chupa moja maji hadi alama ya nusu lita, uiweke upande mmoja. Upande wa pili weka ile chupa tupu ili kufuta uzito wa chupa, pamoja na mfuko mdogo wa kitambaa. Mimina mchanga mkavu mfukoni kidogo kidogo mpaka mizani ilale sawa. Mchanga huo pamoja na mfuko wake ni nusu kilo. Kupata robo kilo, weka mfuko mtupu kila upande, uigawe nusu kilo nyingine ya mchanga mpaka pande mbili zilingane. Mifuko ishonwe na kuandikwa uzito wake.

Watoto wapime vitu vya kwao: parachichi, viazi, ndizi, majani mabichi ya chai. Kwa watoto ambao wazazi wao huuza mazao kwa kupima, somo hili lina uzito wake. Anayejua kusoma mizani si rahisi kupunjwa.

5. Zana ya tatu: ramani ya mwinuko

Vifaa: maboksi ya dukani, magazeti na madaftari yaliyokwisha, na uji mzito wa unga wa muhogo.

Hatua: Tengeneza rojo kwa kuchana karatasi vipande vidogo, kuviloweka usiku kucha, kuvitwanga katika kinu kisichotumika kwa chakula, kukamua maji na kuchanganya na uji. Chora ramani kutoka Mlima Rungwe hadi pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Kisha kata matabaka ya maboksi, kila tabaka likiwakilisha mwinuko wa meta 500, na kuyabandika moja juu ya jingine. Uso wa ziwa uko chini kidogo ya meta 500, basi ziwa litakuwa katika tabaka la kwanza. Mji wa Tukuyu uko juu kidogo ya meta 1,500, yaani tabaka la nne. Kilele cha Mlima Rungwe, chenye meta 2,960 hivi, kitafika karibu na juu ya tabaka la sita. Mwisho, jaza ngazi zote kwa rojo ili miteremko iwe laini, na uchore mto Kiwira kuelekea ziwani.

Hapo mwalimu aulize: kwa nini mpunga na kakao hustawi Kyela, chai na migomba Tukuyu, na viazi mviringo juu zaidi? Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi kila tupandapo meta 1,000. Mtoto akipandisha kidole chake kutoka ziwani hadi mlimani atakuwa amepita katika hali za hewa tatu, na jibu atalipata mwenyewe.

Tahadhari: wilaya yetu ina mvua nyingi sana, na rojo isiyokauka huota ukungu. Ipakwe nyembamba nyembamba, kila safari ikauke kwanza. Msimu wa mvua ianikwe juu ya kichanja cha jikoni. Ramani itundikwe ukutani, maana panya na mende hupenda uji wa muhogo.

6. Namna ya kukusanya vifaa bila kumwumiza mtoto

Baada ya kosa langu nilibadili utaratibu, na tangu hapo sikuubadili tena.

(a) Vifaa ni mali ya darasa. Hakuna anayeulizwa alicholeta, na hakuna adhabu kwa asiyeleta.

(b) Mwalimu aende mwenyewe penye vitu vingi: mikahawani, madukani, kwa seremala na kwa mafundi cherehani. Alasiri moja mjini Tukuyu yaweza kutosha muhula mzima.

(c) Orodha iwe pana. Nyumba isiyo na kopo ina magunzi ya mahindi, kokwa za parachichi, vigae, mianzi na magome makavu ya mgomba. Haya si takataka za dukani, lakini hufaa vilevile, na mengine hufaa zaidi.

Yule mtoto aliyekimbia kopo alikuja na bunda la magome ya mgomba. Bibi yake alikuwa amemfundisha kusokota kamba. Kamba zote za mizani yetu zilisokotwa na kundi aliloliongoza yeye, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wake.

7. Hitimisho

Zana nzuri hupimwa kwa swali hili: je, mtoto ameelewa jambo ambalo asingelielewa bila ya zana hiyo? Kama abakasi imepambwa rangi lakini ufito wake ni mrefu mno, ni pambo tu. Na kama zana imepatikana kwa kumwaibisha mtoto mmoja, gharama yake imezidi ya ile ya dukani. Mwalimu akiyaangalia mambo haya mawili, vitu vinavyotupwa majumbani vitamtumikia vema.

Maswali ya kujadiliana chuoni

1. Eleza kwa nini ufito wa mamoja usizidi nafasi ya vizibo tisa. Onyesha 36 + 47 na 53 − 28 mbele ya wenzako.
2. Andaa orodha ya vitu kumi vipatikanavyo bure katika kijiji unachokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Ni vipi kati yake vinavyopatikana hata katika nyumba maskini kuliko zote?
3. Tengeneza jiwe la kupimia la gramu 125 kwa kutumia mizani na mchanga peke yake, na ueleze hatua ulizofuata.