Bandu Bandu Huisha Gogo: Jabu katika Ndondi za Uzani Mzito

Ndugu msomaji, kila tunapozungumzia ndondi hapa shuleni, wengi husifu konde moja tu: lile linalomlaza mtu chali, refa akahesabu hadi kumi. Ati hilo ndilo konde la wanaume! Mimi nakataa. Nimekuja kulitetea konde dogo lisilopigiwa makofi, nalo ni jabu. Nitaeleza ni nini, nitawapima mabingwa wachache wa uzani mzito, kisha nitamtaja aliyekuwa na jabu bora kuliko wote.

Jabu ni nini basi? Bondia ambaye nguvu zake ziko mkono wa kulia hutanguliza mguu na mkono wa kushoto. Jabu ni konde linalorushwa moja kwa moja na mkono huo uliotangulia. Halizunguki kando. Linatoka karibu na kidevu, linanyooka, linagonga, kisha linarudi nyumbani. Bondia wa mashoto hufanya kinyume, kwa hivyo jabu lake ni la kulia. Kwa kuwa mkono huo uko karibu na mpinzani, safari yake ni fupi na si rahisi kuliona likija.

Kazi za jabu ni nne. Kwanza, hupima umbali. Pili, humvuruga mpinzani kila anapotaka kujipanga. Tatu, huufungulia njia mkono wenye nguvu. Nne, huwa kinga, kwa maana adui anayegongwa usoni kila akisogea hawezi kukukaribia apendavyo. Kwa hivyo tukilipima jabu tuulize mambo matatu: lina kasi? Lina uzito? Na je, linarudi mahali pake upesi?

Tuanze na Joe Louis wa Marekani, aliyekuwa bingwa tangu 1937 hadi 1949 na kutetea taji lake mara 25. Jabu lake lilikuwa fupi na zito. Lakini Juni 1936, kabla hajawa bingwa, alipambana na Mjerumani Max Schmeling mjini New York. Schmeling alikuwa amegundua siri: Louis akisharusha jabu, mkono wa kushoto hushuka chini. Basi akangoja. Mkono uliposhuka, yeye alipitisha konde la kulia juu yake. Louis aliangushwa raundi ya nne, na raundi ya 12 akamalizwa kabisa. Waliporudiana Juni 1938, Louis hakungojwa tena. Alimmaliza Schmeling katika raundi ya kwanza. Mnaona, bwana? Jabu lisiporudi nyumbani, mwenye nyumba huvamiwa.

Wa pili ni Sonny Liston, aliyetwaa taji mwaka wa 1962 kwa kumwangusha Floyd Patterson raundi ya kwanza. Mikono yake ikinyooshwa, urefu wake toka ncha hadi ncha ulikuwa inchi 84. Jabu lake lilikuwa zito kama konde kubwa la mtu mwingine. George Foreman, aliyefanya mazoezi naye akiwa kijana, naye alikuja kuwa na jabu la kusukuma watu nyuma. Hata hivyo, uzito peke yake hautoshi. Mwaka wa 1964 kijana Cassius Clay, ambaye baadaye aliitwa Muhammad Ali, alimzunguka Liston huku akimchokoa usoni, naye Liston akakataa kuinuka kitini kwa raundi ya saba.

Jabu la Ali lilikuwa la kasi na miguu. Lakini hata yeye alikuwa na ufa. Eddie Futch, kocha wa Ken Norton, aliuona, akamfundisha Norton kurusha jabu lake wakati uleule Ali anaporusha lake. Machi 1973 Norton alimshinda Ali kwa pointi na kumvunja taya.

Sasa nimfikie mteule wangu, Larry Holmes. Huyu alikuwa mwenzake Ali wa mazoezi, na hapo ndipo alipochota elimu. Alimpokonya Norton taji mwaka wa 1978 baada ya raundi 15, na hakushindwa na mtu hadi 1985, akiwa na ushindi 48. Jabu lake lilikuwa na kasi karibu na ya Ali na uzito usiodharaulika, na lilirudi kidevuni upesi kabla mtu hajalifuata. Liston alikuwa na uzito, Ali alikuwa na kasi, Holmes alikuwa na yote matatu niliyotaja.

Lakini ushindi wake mmoja unasikitisha. Oktoba 1980, mjini Las Vegas, alipigana na mwalimu wake. Ali alikuwa na miaka 38, miguu imechoka, jabu halitoki. Aligongwa raundi baada ya raundi hadi watu wa kona yake wakasimamisha pigano baada ya raundi ya kumi. Holmes hakufurahia. Mnaosema jabu ni konde dogo, tazameni pigano hilo: bondia aliyepoteza jabu amepoteza ngao, na kichwa ndicho hulipa deni.

Je, yafaa mtu awe mrefu ndipo awe na jabu? Wladimir Klitschko alitawala kwa jabu la mtu mrefu toka 2006 hadi 2015. Lakini Mei 2024, mjini Riyadh, Oleksandr Usyk, ambaye ni wa mashoto, alimshinda Tyson Fury aliyempita kwa urefu na uzito, akawa bingwa wa mikanda yote. Kwa hivyo urefu husaidia, lakini haumalizi maneno.

Wahenga hawakukosea: bandu bandu huisha gogo. Bingwa hujengwa na konde analolirudia mara elfu mazoezini, pasipo mtazamaji. Mimi nimempa Holmes nafasi ya kwanza, Louis ya pili na Ali ya tatu. Mwenye kupinga na aandike katika toleo lijalo, lakini alete hoja, asilete makonde!