Mashine za Kuiga za Nintendo: Faida Ilikuwa Kubwa, Lakini Ilibaki kwa Nani?

Somo la wiki hii linahusu bidhaa ya watoto, lakini fedha zilizopita ndani yake hazikuwa za kitoto.

Desemba 1992, mwaka mmoja baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, kampuni moja ya kompyuta ya Moscow iitwayo Steepler ilianza kuuza mashine ndogo ya michezo inayounganishwa na televisheni. Iliitwa Dendy, na bei yake ya mwanzo ilikuwa rubo 39,000. Katika muda wa miaka michache mashine zilizouzwa zilikadiriwa kupita milioni moja, na jina Dendy likawa ndilo jina la kila mashine ya michezo nchini Urusi, kama ambavyo mtu wa Afrika Mashariki huita kila dawa ya meno kolgeti.

Mashine hiyo haikubuniwa Moscow. Wala Steepler haikuwa na leseni ya mwenye mali. Dendy ilikuwa nakala ya Family Computer, mashine ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliiingiza sokoni tarehe 15 Julai 1983 kwa yen 14,800, na ambayo kufikia mwisho wa maisha yake ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 60 duniani kote.

Kwa mfanyabiashara, swali si kama kuiga ni dhambi. Hilo lina mahakama zake. Swali ni hili: katika biashara ambayo kila mtu anaweza kuiga, nani anabaki na fedha mkononi vumbi likitulia?

KILICHOIGWA

Nintendo haikutegemea sana mashine yenyewe kwa faida. Fedha zilikuwa kwenye kaseti za michezo, na kila kampuni iliyotaka kutengeneza mchezo ilitakiwa kupata ruhusa na kulipa. Ilipoipeleka mashine Marekani mwaka 1985, Nintendo iliweka ndani yake chipu ya kufuli iliyokataa kaseti isiyo na kibali. Mashine ya Japani, iliyotangulia, haikuwa na kufuli hiyo. Ndiyo maana karibu waigaji wote walifuata ile ya Japani, yenye pini 60 kwenye tundu la kaseti, na si ile ya Marekani yenye pini 72. Mwizi huingilia mlango usio na komeo.

Moyo wa mashine ulikuwa chipu mbili zilizotengenezwa na kampuni ya Ricoh. Viwanda vya Taiwan, ikiwamo UMC, vilitoa chipu zilizofanya kazi ile ile. Baadaye kazi yote ikabanwa ndani ya chipu moja, na hapo gharama ya kutengeneza mashine nzima ikaporomoka. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye kiwanda kidogo cha plastiki na fundi wa kulehemu angeweza kuwa mtengenezaji.

Lakini waigaji wa Taiwan walifanya jambo moja ambalo mwenye mali hakulifanya. Mashine ya Japani ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za mfumo wa NTSC unaotumika Japani na Marekani. Sehemu kubwa ya dunia, Kenya na Tanzania zikiwamo, ilitumia televisheni za mfumo wa PAL, ambao picha zake huenda kwa kasi nyingine. UMC ilitoa chipu iliyowezesha michezo ya Japani kuchezeka kwa mwendo wake sahihi kwenye televisheni hizo. Huo ulikuwa ufumbuzi wa kweli wa tatizo la mteja. Mnunuzi wa Moscow hakuwa akichagua kati ya halisi na bandia. Halisi haikuwapo dukani kabisa, kwa kuwa Nintendo haikuwa na wakala rasmi nchini humo.

KILICHOONGEZWA NA STEEPLER

Mtu aliyeleta wazo hilo kwa Steepler ni Victor Savyuk. Mashine yenyewe iliagizwa kutoka kampuni ya TXC ya Taiwan, ambayo tayari ilikuwa ikiuza nakala zake katika nchi nyingine kwa jina la Micro Genius. Kwa hiyo Steepler haikuwa na siri yoyote ya kiufundi. Mshindani angeweza kupanda ndege kesho yake na kwenda kwa mgavi yule yule.

Kile ilichoongeza Steepler ni vitu ambavyo havikuwamo ndani ya sanduku. Ilichagua jina fupi, ikasajili alama ya biashara, ikampa mchoraji wa katuni Ivan Maximov kazi ya kuchora mtoto wa tembo awe nembo. Ikatangaza kwenye televisheni wakati ambapo matangazo ya aina hiyo yalikuwa mageni Urusi. Ikafungua maduka yake na kujenga mtandao wa mawakala. Mwaka 1994 kukawa na kipindi cha televisheni juu ya michezo ya Dendy, kikiongozwa na mtangazaji Sergei Suponev, na jarida la michezo likasomwa na vijana. Mzazi aliyekwenda dukani hakuulizia mashine ya Taiwan. Aliulizia ile ya tembo.

Hapa ndipo wengi hukosea wanaposoma kisa hiki. Husema Steepler ilitajirika kwa kuiga. Walioiga walikuwa wengi, na wengi wao hawakutajirika. Steepler ilitajirika kwa sababu iliwahi soko tupu na kulivika jina.

MWIGAJI NAYE AKAIGWA

Soko tupu halibaki tupu. Haikuchukua muda, masoko ya Urusi yakajaa mashine nyingine kutoka China, zenye majina mengine au hata zenye jina la Dendy lenyewe, kwa bei ya chini. Steepler ilijibu kwa kutoa toleo la bei nafuu, lakini ikawa inakimbizana na watu ambao hawakulipia tangazo, hawakulipia duka, na pengine hawakulipia ushuru wote. Kampuni iliyokuwa ikitumia mali ya mwenzake bila leseni sasa ililalamika kwamba jina lake linaibwa.

Hesabu ya jambo hili inafaa kufanywa kwa karatasi na kalamu. Tuseme muagizaji analeta mashine 1,000, na kila moja, pamoja na usafiri na ushuru, inamfikia dukani kwa Sh. 26,000. Mtaji wake ni Sh. milioni 26. Anapanga kuuza Sh. 40,000, ili apate Sh. 14,000 kwa kila moja, jumla Sh. milioni 14. Anauza 400 vizuri na kuingiza faida ya Sh. milioni 5.6. Kisha kontena la jirani linawasili, na bei sokoni inashuka hadi Sh. 22,000. Zile 600 zilizobaki ghalani sasa zinauzwa kwa hasara ya Sh. 4,000 kila moja, yaani Sh. milioni 2.4. Faida yote inakuwa Sh. milioni 3.2, na bado hajalipa pango, wala kijana wa duka, wala riba ya benki kama mtaji ulikuwa wa mkopo.

Huyo hakudanganywa na mtu. Bidhaa ilikuwa nzuri na wateja walikuwapo. Kilichomponza ni kwamba hakuna kilichomzuia jirani.

Kwenye kaseti hali ilikuwa mbaya zaidi. Waigaji walishindana kwa kuandika idadi kubwa ya michezo juu ya kaseti, mamia na maelfu, hadi tarakimu 9 zikajaa karatasi nzima. Mteja akifungua alikuta michezo michache tu inayorudiwa kwa majina tofauti. Muuzaji wa rejareja ndiye aliyerudishiwa lawama, maana mtengenezaji hakuwa na anwani.

Novemba 1994 Steepler ilifikia makubaliano na Nintendo. Ilipewa haki ya kusambaza mashine mpya zenye leseni nchini Urusi, na Nintendo ikaacha madai yake juu ya Dendy. Kwa maneno mengine, Nintendo iliona kwamba maduka, mawakala na jina vilikuwa na thamani kuliko kesi. Hata hivyo mwaka 1996 Steepler yenyewe ilianguka na kufungwa. Mashine za kuiga ziliendelea kuuzwa Urusi miaka mingi baadaye, na watu wakaendelea kuziita Dendy, bila senti kuingia kwa aliyelijenga jina hilo.

WALIOTOKA MAPEMA

Nchini Poland nakala hiyo iliitwa Pegasus na iliuzwa na kampuni ya Bobmark. Nchi hiyo ilipopata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1994, Bobmark ilianza kuuza michezo yenye leseni, ikawa wakala wa Sega, na baadaye wenye kampuni wakageukia vinywaji baridi kwa jina la Hoop. Kutoka michezo hadi soda ni safari ndefu kwa mhandisi, lakini kwa mtu anayejua kusambaza bidhaa kwenye maduka madogo ya nchi nzima ni kazi ile ile.

Brazil ilikuwa na sheria ya kulinda viwanda vya ndani vya kompyuta, iliyozuia bidhaa nyingi za kigeni kuingia. Chini ya kivuli hicho kampuni kadhaa zilitengeneza nakala, mojawapo ikiwa Gradiente na mashine yake ya Phantom System. Ulinzi ulipoondolewa na Nintendo ikataka kuingia rasmi mwaka 1993, iliingia kwa mkono wa kampuni ya Playtronic, ambayo mmoja wa wabia wake alikuwa Gradiente huyo huyo.

Kisa cha China ndicho kikubwa kuliko vyote. Mwaka 1989 Duan Yongping alikabidhiwa kiwanda kilichokuwa kikipata hasara huko Zhongshan, katika jimbo la Guangdong. Kiwanda hicho, Subor, kiliunganisha nakala ya Nintendo na kibodi na kuiuza kwa wazazi kama mashine ya kujifunzia kompyuta. Watoto waliijua kazi yake halisi. Mwigizaji Jackie Chan aliitangaza kwenye televisheni, na mauzo yakapaa. Duan alitaka hisa katika kampuni aliyoikuza. Alipokosa, mwaka 1995 aliondoka na kuanzisha BBK. Ndani ya BBK ndimo zilimotoka simu za Oppo na Vivo, ambazo leo zimejaa hata katika maduka ya Kariakoo na Nairobi.

SHERIA INASEMAJE

Mashine na michezo si kitu kimoja mbele ya sheria. Hataza za Nintendo juu ya mashine hii ya zamani ziliisha muda katika miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo kutengeneza mashine inayofanya kazi kama ile si kosa tena. Lakini hakimiliki ya michezo iliyomo ndani bado ipo, na alama ya biashara huhuishwa bila kikomo. Mashine nyingi za bei rahisi huja na michezo hiyo tayari ndani yake, na hapo ndipo mtego ulipo. Nchini Marekani muuzaji mmoja aliyekuwa akiziuza kwenye vibanda vya maduka makubwa alihukumiwa kifungo cha miaka 5 mwaka 2005.

Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na Tanzania Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa zenye alama za watu wengine. Anayepoteza kontena ni mwagizaji. Mgavi wa Guangzhou alishalipwa zamani.

Muagizaji anayetaka kuendelea na bidhaa za aina hii amtake mgavi orodha ya michezo iliyomo na barua ya leseni kabla ya kutuma fedha. Akiambiwa barua itakuja na mzigo, asitume.

Nintendo yenyewe ilirudi mwaka 2016 na mashine ile ile, ikiwa imepunguzwa ukubwa na kuwekewa michezo 30, kwa dola 59.99. Kufikia Aprili 2017 ilikuwa imeuza milioni 2.3. Nakala zake zilifika sokoni muda mfupi baadaye.