Rangi ya Ngozi na Nuru ya Jua
Mvuvi wa Kuruwitu aendaye mwambani hupigwa na jua litokalo juu, na tena na lile lirudishwalo na maji na mchanga mweupe. Ngozi yake haibabuki upesi. Lakini mgeni wa Scotland mwenye nywele nyekundu, akikaa pwani hiyo saa moja tu, huweza kubabuka. Je, tofauti hii yatoka wapi?

Katika ngozi mna rangi iitwayo melanini, nayo ni ya namna mbili. Ile nyeusi huzuia miale mikali kama mwavuli; ile nyekundu hukinga kidogo sana. Mwaka 1995 wataalamu walionyesha kuwa wenye nywele nyekundu hurithi kwa wazazi wao hali ifanyayo mwili kutengeneza zaidi ile ya pili.

Kuruwitu iko karibu digrii 4 kusini ya ikweta. Scotland iko mbali kaskazini, na wakati wa baridi jua lake ni hafifu. Nuru ya jua huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, iimarishayo mifupa. Mtoto aikosaye hupatwa na matege. Mwaka 1919, mjini Berlin, Daktari Kurt Huldschinsky alionyesha kuwa nuru ya taa maalum huponya ugonjwa huo. Ngozi nyeupe hupokea hata nuru haba, na wataalamu wengi huona kuwa ndiyo sababu ilienea katika nchi zenye jua kidogo.

Basi somo hili lawahusu nini watu wa pwani? Lamhusu kwanza mtoto mwenye ualbino. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, ingawa wazazi wake ni weusi. Hiyo si laana, wala si kosa la mama. Ni urithi utokao kwa wazazi wote wawili. Jua laweza kumletea saratani ya ngozi angali kijana. Yafaa avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, apakwe mafuta ya kukinga jua, na darasani aketi karibu na ubao, kwa kuwa macho yake huona kwa shida. Kidonda kisichopona kionyeshwe kwa daktari bila kukawia.

Pili, mtoto mweusi ambaye nywele zake zageuka kuwa nyekundu na miguu yake yavimba hakudhuriwa na jua. Hiyo ni dalili ya unyafuzi, yaani upungufu wa chakula bora. Apelekwe zahanati upesi. Akipona, apewe kunde, mayai na samaki. Kuchelewa kwaweza kumpotezea maisha.