Sange wa Milima ya Uluguru

Mjini Morogoro panya wamepata heshima isiyo ya kawaida. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya buku hufunzwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Lakini juu ya mji huo, katika misitu ya Uluguru, yumo mnyama mwingine anayeitwa panya na wengi kwa kumdhania tu. Huyo ni sange.

Sange si panya. Wala si kirukanjia, ingawa wataalamu wa karne ya 19 waliwaweka kundi moja kwa kuwa wote wana pua ndefu na hula wadudu. Wazungu walimwita kirukanjia-tembo kwa ajili ya pua hiyo. Mwaka 1998 uchunguzi wa chembe za urithi uliwakusanya katika ukoo mmoja wa Kiafrika tembo, pimbi, perere, muhanga, nguva na sange. Basi jina lilisadifu ukweli, lakini kwa sababu isiyo sahihi: pua ya sange na mkonga wa tembo havikurithiwa kwa babu mmoja, bali kila kimoja kiliota kwa njia yake.

Sange wa Uluguru, ambaye kisayansi huitwa Rhynchocyon petersi, ana uzito wa karibu nusu kilo. Mbele ana rangi nyekundu ya kutu, na mgongoni kuelekea nyuma ni mweusi. Huishi pia katika misitu mingine ya mashariki mwa Tanzania, pamoja na visiwa vya Unguja na Mafia. Hutembea mchana. Kwa pua na kucha hupekua majani makavu akitafuta mchwa, mbawakawa, buibui, tandu na nyungunyungu, kisha huwanasa kwa ulimi mrefu.

Mengi yajulikanayo juu ya desturi za sange wakubwa yalitoka kwa ndugu yake wa pwani ya Kenya, aliyechunguzwa na Mmarekani Galen Rathbun katika msitu wa Gedi miaka ya 1970. Dume na jike hushika eneo moja, kiasi cha hekta 1.7, lakini kwa muda mwingi kila mmoja hutembea peke yake. Dume humfukuza dume mgeni, na jike humfukuza jike. Usiku kila mmoja hulala katika kiota chake: shimo dogo lililotandikwa majani na kufunikwa majani, hata mpita njia hawezi kulitofautisha na sakafu ya msitu. Viota hujengwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande, kwa maana majani makavu hupiga kelele na kumwita adui. Wala sange hategemei kiota kimoja. Anavyo kadhaa, naye huvibadili.

Hivyo majani yaliyoanguka ni ghala la chakula chake, kitanda chake na maficho yake. Hapa ndipo ilipo hatari. Miti inaweza kubaki imesimama, na mtazamaji aliye mjini akauona mlima ni wa kijani, kumbe moto uliopita chini umemwacha sange bila chakula wala kiota. Mitego ya vitanzi na mbwa wa wawindaji huongeza dhiki, lakini moto huondoa makao yenyewe.

Elimu juu ya wanyama hawa haijakamilika. Mwaka 2005 kamera zinazojipiga zenyewe mnyama apitapo zilinasa katika milima ya Udzungwa sange asiyejulikana, mwenye uso wa kijivu na uzito wa karibu gramu 700. Alitangazwa rasmi mwaka 2008 kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis.

Mwalimu aliyepata idhini ya wasimamizi wa hifadhi aweza kuwaongoza wanafunzi kutafuta vishimo vyenye umbo la pia ambavyo sange huacha katika majani. Wapime vipande viwili vya ardhi vyenye ukubwa sawa, kimoja chenye majani mengi na kingine kilichopitiwa na moto, kisha wahesabu vishimo pamoja na wadudu wa kila upande.